Maji Chini ya Mchanga wa Shela

(Mazungumzo ya redio. Somo: Mwanzo 26:12–33)

  Mama uliye jikoni, baba unayejitayarisha kwenda kazini, nawe ndugu uliye mgonjwa kitandani, karibuni tukae pamoja kwa muda huu mfupi tulitafakari Neno la Mungu.

Iko miji ambayo majina yake yakitajwa, watu hukumbuka vita tu. Huko Misri, katika jangwa lililo kando ya bahari, pana mahali paitwapo El Alamein. Palikuwa na kituo kidogo cha gari moshi, na mchanga pande zote. Mwaka 1942 majeshi makubwa yalipigana pale, na mpaka leo watu wa mataifa mengi huenda kutazama makaburi yaliyopangwa safu kwa safu. Lakini leo sitaki tusafiri mbali hivyo. Hapa kwetu Kenya pia tunao mji wa mchanga uliokumbukwa kwa vita. Mji huo ni Shela, katika kisiwa cha Lamu.

Ukitoka mjini Lamu ukafuata pwani kuelekea kusini, mwendo usiofika saa moja kwa miguu, unaingia Shela. Mbele yako, ng'ambo ya mkondo wa maji, unaona kisiwa cha Manda. Nyuma ya nyumba vinaanza vilima vya mchanga, navyo vinaufuata ufuo wa bahari kwa kilomita nyingi. Mtu akisimama kati ya vilima hivyo mahali asipoiona bahari, angedhani yuko jangwani.

Wazee wa Shela husimulia kwamba wazazi wao wa kale walitoka Takwa, mji uliokuwa katika kisiwa cha Manda. Magofu ya Takwa yapo hata sasa, na watu wa Shela huvuka kwenda kuomba dua ya mvua penye kaburi moja la zamani huko. Wengi huamini kwamba mji wa Takwa uliachwa kwa sababu maji ya visima yake yaligeuka kuwa ya chumvi. Kuta zilikuwa imara, msikiti ulikuwa mzuri, lakini maji yalipokwisha, mji nao ulikwisha. Basi watu wa Shela walijua tangu zamani kwamba mji hausimami kwa kuta tu. Mji husimama kwa maji.

Sasa sikilizeni habari ya vita. Kati ya mwaka 1812 na 1814 palizuka vita kati ya Lamu na Pate. Pate ulikuwa mji wenye nguvu na sultani wake, nao kwa muda mrefu ulitaka Lamu iwe chini yake. Lamu haikutaka. Pate ikashirikiana na Wamazrui waliotawala Mombasa, wenye ile ngome kubwa ya Fort Jesus. Wakaja kwa vyombo vingi, wakashusha askari wao pale Shela, penye ufuo wa mchanga.

Angalia, msikilizaji, ni akina nani waliopigana. Hawakuwa wageni wasiojuana. Walisema Kiswahili, ijapokuwa kila mji ulikuwa na lafudhi yake. Dini yao ilikuwa moja. Walifanya biashara pamoja, na wengine walikuwa wameoana. Hata washairi wao walijibizana kwa tungo: Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, na Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu. Mtu akitungiana mashairi na mwenzake, maana yake wanaelewana kila neno. Na watu hao walioelewana kila neno ndio waliochinjana.

Wenyeji husimulia jinsi ilivyokuwa. Wale waliokuja walijiamini, kwa kuwa walikuwa wengi. Waliacha vyombo vyao ufuoni, wakapanda kwenda kupigana. Watu wa Lamu wakasimama imara, kisha wakawasukuma nyuma mpaka pwani. Walipofika pwani ili wakimbilie vyomboni, wakakuta maji yamekupwa. Vyombo vimekaa mchangani, vizito kama nyumba, havisogei. Wahenga walisema, maji yakijaa hupwa. Watu wale waliingia kwa maji kujaa, wakafikiri yatakaa hivyo mpaka watakapomaliza kazi yao. Wengi sana wakauawa pale pale.

Waliouawa walikuwa wengi kuliko waliopata maziko. Upepo wa kusi na upepo wa kaskazi ukaufanya mchanga kuwa sanda yao. Na kwa kuwa mchanga wa Shela hautulii, upepo ukihamisha kilima kimoja, mifupa ilionekana tena. Kwa miaka mingi baada ya vita watu walisimulia habari za mifupa na mafuvu ya vichwa yaliyoonekana katika vilima vile. Mwanamke wa Pate aliyempoteza mumewe hakuwa na kaburi la kwenda kulia. Mtoto wa Mombasa hakuonyeshwa mahali baba yake alipolala.

Labda unauliza, je, walioshinda walipata faida gani? Hili ndilo jambo ambalo kila mtu anayependa ugomvi yafaa alisikie. Watu wa Lamu walishinda, lakini hawakulala usingizi. Waliogopa kwamba Mombasa na Pate watarudi kulipa kisasi. Kwa sababu ya hofu hiyo wakatuma ujumbe mpaka Maskati, kwa Sayyid Said bin Sultan, wakamwomba awalinde. Sayyid Said akakubali. Akatuma liwali wake pamoja na askari. Ngome ya Lamu ikakamilishwa karibu mwaka 1821.

Basi mlinzi akawa mtawala. Kwa kupata mguu Lamu, Sayyid Said alipata njia ya pwani nzima. Miaka michache baadaye Pate nayo ikawa chini ya mkono wake. Mombasa ikaanguka mwaka 1837, na utawala wa Wamazrui ukaisha. Na vita havikukoma, kwa maana watu wa Siyu, jirani za Pate, walikataa kutawaliwa, wakapigana kwa miaka mingi. Hivyo wale walioshindwa Shela walipata bwana wa kuwatawala, na wale walioshinda Shela nao wakapata bwana yule yule. Na ile ngome iliyosimamishwa kwa hofu baadaye ikawa gereza, ikatumika hivyo mpaka mwaka 1984. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho.

Ndugu zangu, hii ndiyo hesabu ya vita vya ndugu. Mshindi hupata hofu, na hofu humtafutia bwana.

Lakini habari ya Shela haikuishia katika mifupa. Liko jambo jingine chini ya mchanga ule, nalo ndilo lililonifanya nichague mji huu kwa mazungumzo ya leo.

Mvua ya masika inapoinyesha Lamu, maji yanayoanguka juu ya vilima vya Shela hayatiririki kwenda baharini kama yafanyavyo juu ya mwamba au barabarani. Mchanga huyameza. Yanashuka chini polepole, yakichujwa, mpaka yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, yanakaa juu yake, yakilindwa na ule mchanga. Hapo ndipo visima vilipochimbwa. Kutoka katika visima hivyo maji hupigwa pampu, yakapita katika mabomba mpaka mjini. Mji wa Lamu, pamoja na misikiti yake, shule zake, hospitali yake na makanisa yake, hutegemea maji ya Shela kwa sehemu kubwa hata leo.

Je, msikilizaji, umeona? Vilima vile vile vilivyofunika mifupa ndivyo vinavyotunza maji. Mchanga ulionywa damu ndio unaowanywesha watoto. Mungu hakuulaani mchanga wa Shela kwa sababu ya ujinga wa watu. Aliendelea kuunyeshea mvua.

Lakini maji hayo yana masharti. Ukiyachota kwa pupa kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda kutoka chini na kuharibu kisima. Ukiuchukua mchanga kwenda kujengea, au ukijenga majumba na kuchimba vyoo juu ya vilima, maji yatachafuka au yatapungua. Kwa miaka mingi wenyeji wamelalamika juu ya watu wanaotaka viwanja katika vilima vile kwa sababu vinatazama bahari vizuri. Mtu mmoja anapata nyumba yenye upepo mwanana, na mji mzima unaweza kupata yaliyowapata watu wa Takwa. Kisima huchukua miaka mingi kujaa utamu, na huharibika upesi.

Sasa tufungue Biblia zetu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26. Hapo tunamkuta Isaka mwana wa Ibrahimu katika nchi kavu ya Gerari. Mungu alikuwa amembariki, akawa na mifugo mingi, na Wafilisti wakamwonea wivu. Wakafanya nini? Walikwisha kuvifukia visima alivyochimba baba yake Ibrahimu, wakavijaza udongo. Fikiri juu ya jambo hilo. Katika nchi ya kiu, mtu anafukia kisima! Hakupata tone moja kwa kufanya hivyo. Yeye mwenyewe angeweza kunywa pale. Lakini wivu humfanya mtu apende kufa kwa kiu pamoja na adui yake kuliko kunywa pamoja naye.

Isaka alipofukuzwa hakukusanya watu wake kwa vita. Alikwenda bondeni, akavichimba tena vile visima. Watumishi wake wakapata maji, na wachungaji wa Gerari wakaja kusema kwamba maji ni yao. Isaka akakiita kisima hicho Eseki, maana yake ugomvi, akakiacha. Wakachimba cha pili, wakakigombania tena. Akakiita Sitna, maana yake uadui, akaondoka. Wakachimba cha tatu, na hapo hapakuwa na ugomvi. Akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana alikuwa amewapa nafasi.

Wako watu watakaosema Isaka alikuwa mwoga. Lakini endelea kusoma sura hiyo. Baadaye Abimeleki mfalme wa Gerari alimfuata yeye mwenyewe, pamoja na jemadari wake. Isaka akawauliza kwa nini wamemjia, hali walimchukia na kumfukuza. Hakuficha uchungu wake. Alisema yaliyo moyoni. Wao wakakiri kwamba wameona wazi Bwana yu pamoja naye, wakataka agano. Isaka akawafanyia karamu, wakala na kunywa. Asubuhi wakaapiana, wakaagana kwa amani. Na siku ile ile, wasikilizaji wangu, siku ile ile watumishi wa Isaka wakaja na habari kwamba wamechimba kisima, na wameona maji.

Watu wa Lamu, Pate na Mombasa hawakupata mtu wa kusema, "Tuachane na kisima hiki, tuchimbe kingine." Kila mmoja alitaka kuwa na neno la mwisho. Na neno la mwisho lilisemwa na mchanga.

Je, sisi tulio katika makanisa tuna haki ya kuwacheka? Hebu tujiulize. Kuna kanisa la mahali fulani ambalo wazee wake wamegombania kiwanja mpaka watoto wa shule ya Jumapili wamebaki bila mwalimu. Kuna ndugu wawili, tumbo moja, wasiosalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba waliloachiwa na baba yao. Mmoja akiingia kanisani kwa mlango huu, mwingine hutokea mlango ule. Kila mmoja huomba Mungu ampe ushindi. Ndugu yangu, je, umefikiri Mungu akikupa ushindi huo utakulinda na nani? Ukimshinda ndugu yako, utamwita nani akutunzie usingizi wako?

Na liko jambo zito zaidi, nami sitalipita. Katika nchi kavu ya Lamu, upande wa bara, uko mji wa Mpeketoni. Tangu miaka ya 1970 watu wengi kutoka sehemu nyingine za Kenya walipewa mashamba huko, na wengi wao ni washirika wa makanisa yetu. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, na usiku uliofuata, watu wenye silaha walishambulia Mpeketoni na vijiji vya jirani. Watu wapatao 60 waliuawa. Wanaume walitolewa nje wakapigwa risasi mbele ya jamaa zao. Wako wajane na yatima wanaonisikia asubuhi hii ambao kwao habari ya mifupa mchangani si historia ya kale.

Kwenu nyinyi sitasema kwa wepesi, "Sahauni." Isaka hakusahau. Alimwambia Abimeleki wazi, "Mlinichukia." Tena kusamehe hakuondoi kazi ya sheria. Anayemwaga damu yapasa afikishwe mbele ya hakimu, na serikali yapasa ilinde raia wake wote. Lakini liko kosa moja ambalo adui alitaka sana tulifanye, nalo ni kufukia kisima: kumtazama kila jirani aliye Mwislamu kana kwamba yeye ndiye aliyeshika bunduki usiku ule. Mvuvi wa Shela hakuwaua watu wa Mpeketoni. Mama wa Lamu anayeuza maandazi hakuwaua. Kama tukiwafukia hao pamoja na wauaji, tumekuwa Wafilisti wa Gerari, na kiu itatuua sisi wenyewe.

Kumbukeni pia yaliyotokea mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015. Basi moja lilikuwa njiani kwenda Mandera, katika nchi kavu ya kaskazini. Wenye silaha wakalisimamisha, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Baadhi ya akina mama wakawapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika vichwa, wasitambulikane. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo, akafa mwezi uliofuata. Hayo, ndugu zangu, ni maji matamu chini ya mchanga mkavu. Asiyechimba hawezi kuyaona.

Basi tufanye nini? Nataka uondoke na mambo matatu.

La kwanza, usifukie kisima. Kabla hujasema neno la kumkata ndugu yako, fikiri kama wewe au watoto wako hamtahitaji kunywa hapo kesho.

La pili, uwe tayari kuchimba tena. Isaka alichimba mara tatu, na baadaye tena. Upatanisho haupatikani kwa jembe moja. Labda ulikwenda kwa jirani yako mara moja, akakujibu vibaya, ukarudi ukasema, "Basi, nimemaliza." Hicho kilikuwa Eseki. Inuka, jaribu tena. Huenda kilicho mbele yako ni Rehobothi.

La tatu, kaeni mle pamoja. Isaka hakutia sahihi karatasi tu. Alipika. Kikombe cha chai na mkate wa mofa vimemaliza kesi nyingi ambazo mahakama haikuweza. Mwalike yule uliyemnyamazia. Kama ni mtu wa dini nyingine, mpikie anachoruhusiwa kula, umheshimu.

Na Bwana wetu Yesu mwenyewe alifanya hivyo. Alipochoka safarini aliketi kisimani, penye nchi ya Wasamaria, watu waliokuwa wametengana na Wayahudi kwa miaka mingi. Hakungoja yule mwanamke amwombe kitu. Yeye ndiye aliyeanza kuomba maji. Aliye na maji ya uzima alikubali kuwa mwombaji, ili ukuta uanguke. Naye baadaye, msalabani, damu yake ilipomwagika juu ya ardhi, haikulilia kisasi. Ilifungua chemchemi kwa ajili ya wote, waliomwua na waliomkimbia.

Rafiki msikilizaji, maisha yako nayo yana mahali pa mchanga, mahali palipopiganwa. Labda unapita mbali usipaone, kwa sababu upepo ukivuma mifupa hutokea. Mkaribishe Bwana Yesu pale pale. Yeye hatapeleka mvua yake mahali pengine.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyemwona Isaka katika nchi kavu, utuone na sisi. Wafariji wote waliopoteza wapenzi wao kwa mikono ya watu wakatili. Utuondolee wivu unaofukia visima. Walinde watu wa Lamu, na Shela, na Pate, na Mpeketoni, Wakristo na Waislamu, wakae kwa amani na kunywa maji yao kwa salama. Tupe nguvu ya kuchimba tena. Tunaomba haya kwa jina la Yesu Kristo, Mwokozi wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Bwana awabariki na kuwalinda.